Milango Iko Mashariki, Njia Zinaelekea Magharibi

Tarehe 1 Februari 1952, ndege iliyombeba Bintimfalme Elizabeth ilitua katika uwanja wa Eastleigh, mashariki mwa Nairobi. Kutoka pale alipelekwa mjini, kisha hadi kwenye nyumba ya gavana, ile ambayo leo ni Ikulu. Wageni wa heshima wa enzi hizo walipokewa hivyo: wanashukia mashariki, wanalala magharibi.

Karibu kila mlango mkuu wa Nairobi umekaa upande huo wa mashariki au kusini-mashariki. Reli ya kutoka pwani iliingilia huko. Uwanja wa Eastleigh ulikuwa huko, na ule wa Embakasi uliopokea kazi yake, Jomo Kenyatta wa leo, uko huko pia. Kituo cha mabasi ya mashambani cha Machakos kimekaa ukingoni mwa Eastlands, na kituo cha reli mpya ya SGR kiko Syokimau. Mitaa yenye watu wengi iko huko huko: Dandora, Kayole, Umoja, Komarock, Njiru. Lakini usafiri wa kumpokea msafiri ulipangwa kwa ajili ya yule anayeelekea mjini na hotelini.

Njiru inaonyesha hali hii vizuri. Ukipima kwenye ramani, kutoka soko la Njiru hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ni chini ya kilomita 10, uwanja ukiwa kusini na mtaa ukiwa kaskazini. Kwa miaka mingi msafiri aliyeshuka ndege akitaka kwenda Njiru alipelekwa kwanza katikati ya jiji, akatafuta gari jingine, akarudi mashariki: zaidi ya kilomita 30 kwa jumla. Aliyejua mitaa angeshukia Donholm, adake gari la Outer Ring, kisha abadilishe tena kwenye barabara ya Kangundo. Matatu tatu, na mizigo mkononi.

Mwanzo wa mambo haya ni mwaka 1899, reli ilipofika mahali palipokuwa bwawa na malisho. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi ya 1904, na riksho zilizovutwa na Waafrika zikawa zinawabeba wageni wa Kizungu kutoka stesheni. Mwafrika aliyeshuka daraja la tatu alitembea. Mzigo aliubeba mwenyewe, au akamlipa mwenye mkokoteni, akashika njia ya Pumwani au ya nyumba za wafanyakazi wa reli pale Muthurwa. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1910 ilimbidi pia awe na kipande cha utambulisho shingoni, maana kuingia mjini bila karatasi lilikuwa kosa. Kwake usafiri na ruhusa ya kuwapo vilikwenda pamoja.

Mabasi ya mjini yalianza mwaka 1934, pale kampuni ya Overseas Motor Transport ya London ilipoleta mabasi 13 na kuanzisha Kenya Bus Service. Baada ya uhuru, mwaka 1966, halmashauri ya jiji ikachukua asilimia 25 ya hisa na kuipa KBS haki ya peke yake ya kubeba abiria jijini. Wakati huo mipaka ilikuwa imeshapanuliwa, mwaka 1963, na Nairobi ikafikia zaidi ya kilomita za mraba 680. Nyanda za mashariki zilizokuwa za ng'ombe na machimbo ya mawe zikawa jiji kwa sheria, ingawa macho yaliona nyasi tu. Ramani ilikua kwa siku moja. Njia za mabasi hazikukua hivyo.

Pengo hilo lilizibwa na matatu. Zilikuwa zikifanya kazi kwa kujificha, magari makuukuu yakibeba watu mahali ambapo basi halikufika au halikutosha, hadi mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alipotoa amri ya kuziruhusu kubeba abiria wa kulipa. Amri hiyo ilikuja wakati wake. Miaka michache baadaye mradi wa Dandora ulioungwa mkono na Benki ya Dunia ukaanza kugawa viwanja, na mashariki ikajaa haraka kuliko basi lolote lingeweza kufuata. Serikali ilijaribu tena kwa Nyayo Bus mwaka 1986, huduma ambayo wengi bado wanaikumbuka kwa wema. Haikudumu. Matatu zilibaki.

Makosa yao yanajulikana, na waliopoteza ndugu barabarani hawahitaji kukumbushwa. Lakini haki yao wapewe: kwa watu wa Njiru na Ruai, kabla ya kitu kingine chochote kuwafikia kutoka mjini, matatu iliwafikia.

Anayetaka kuona mapokezi ya kweli ya Nairobi asiende kwenye ukumbi wa wageni wa uwanja wa ndege. Aende Muthurwa jioni, saa ambayo mabasi ya Kitale, Busia na Kisii yameshamwaga abiria wao pale Machakos Country Bus. Watu wanavuka kwa miguu, wamebeba magunia, mikungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu, masanduku ya bati ya wanafunzi. Muthurwa ilifunguliwa mwaka 2008 iwe soko na steji ya matatu za Eastlands kwa pamoja, kwa hiyo mgeni anapita katikati ya marobota ya mitumba na mafungu ya nyanya kabla hajaona gari lake. Makanga anamkagua mzigo kwanza, mtu baadaye.

"Mathe, hiyo gunia ni ya kiti moja."

"Kijana yangu, si uiweke tu hapo kwa injini? Mimi nashukia Chokaa."

Gunia linaishia kando ya dereva, juu ya kifuniko cha injini, na nauli yake inapatanwa njiani. Hesabu hiyo ilikuwa rahisi zaidi kabla ya Februari 2004, kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutumika: kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mkanda kwa kila kiti, mstari wa manjano ubavuni, na marufuku ya kusimama. Kanuni zile ziliokoa maisha na zilistahili. Hata hivyo hakuna aliyemfikiria abiria mwenye mzigo. Katika matatu ya watu 14, sanduku moja kubwa ni kiti kilichopotea, na makanga anayedaiwa hesabu ya siku na mwenye gari hawezi kulipuuza.

Bodaboda nazo zikaingia. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwenye pikipiki ndogo, na katika miaka michache kila kona ya Njiru ikawa na kijiwe chake. Kwa mara ya kwanza msafiri aliweza kufikishwa hadi mlangoni, hata mvua ikiwa imeugeuza udongo mweusi wa huko kuwa matope yasiyopitika kwa gari.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja kimya, bila mtu kulitangaza kuwa ni la wasafiri. Barabara ya Eastern Bypass, iliyojengwa ili kuyaondoa malori katikati ya jiji, inatoka Mombasa Road, inapita Utawala na Mihang'o, inaikata barabara ya Kangundo kati ya Njiru na Ruai, kisha inaendelea hadi Ruiru. Kwa mkazi wa Njiru, uwanja wa ndege ulisogea. Teksi za programu, zilizoenea jijini baada ya Uber kuingia mwaka 2015, hutumia njia hiyo, na safari iliyokuwa ya nusu siku ikawa ya chini ya saa moja barabara ikiwa nyeupe. Asiye na pesa ya teksi hutembea au kupanda gari hadi steji ya Cabanas na kusubiri matatu ya bypass.

Miradi ya baadaye ilirudi kwenye mazoea ya zamani. Madaraka Express, treni ya abiria ya SGR, ilianza Mei 2017. Treni yake ya usiku huondoka Mombasa saa nne na kufika Syokimau kabla ya saa kumi alfajiri, ambako treni ndogo humpeleka abiria wapi? Mjini. Barabara ya kulipia ya Nairobi Expressway, iliyofunguliwa Mei 2022, ina urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Ni nzuri, ni ya haraka, na inaelekea magharibi.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa MIT na Columbia walichora ramani ya kwanza kamili ya njia za matatu, zaidi ya 130, wakizifuata kwa simu mkononi. Ukiitazama, karibu mistari yote inakutana katikati ya jiji. Ya kuunganisha mashariki na mashariki inahesabika. Ushahidi ndio huo, umechorwa kwa rangi.

Serikali iliunda mamlaka ya usafiri wa jiji, NAMATA, mwaka 2017, na mipango ya mabasi ya mwendo kasi imejadiliwa tangu hapo. Kaunti na mamlaka hiyo wangeweza kuanza na kitu kidogo zaidi: basi moja la ratiba lenye buti la mizigo, litoke Syokimau lipitie uwanja wa ndege, lishike Eastern Bypass, lisimame Utawala, Mihang'o, Njiru na Ruai, na liwe linasubiri treni ya usiku inapoingia. Barabara yake imeshajengwa na kulipiwa na wananchi, na abiria wake wako Syokimau kila alfajiri wakiwa na mabegi yao. Lianzishwe.