Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, 1963–1970: Umoja Uliokosa Mamlaka

Utangulizi

Tarehe 28 Juni 1963 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilizinduliwa rasmi, Julius Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo na Bernard de Bunsen, aliyekuwa ameiongoza Makerere, akiwa Makamu Mkuu. Kiliunganisha vyuo vishiriki vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Miaka saba baadaye, mwaka 1970, kilivunjwa na kila nchi ikabaki na chuo kikuu chake. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba utaifa uliumeza umoja. Makala hii inadai kuwa maelezo hayo ni nusu ya ukweli. Utaifa ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni chombo cha pamoja chenye mamlaka ya kuuhimili.

Vyuo vitatu, mgawanyo mmoja wa kazi

Vyuo hivyo havikuanza kwa usawa. Makerere ilianzishwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na mwaka 1949 ikawa chuo kilichoandaa wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Nairobi kilichipuka kutokana na Chuo cha Ufundi cha Kifalme, kilichopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1956. Dar es Salaam ndicho kitinda mimba. Kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, kikiwa na kitivo kimoja tu: sheria. Kitivo hicho hakikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Si Makerere wala Nairobi iliyokuwa ikitoa shahada ya sheria, na nchi iliyokuwa ikijiandaa kujitawala ilikuwa na wanasheria Waafrika wachache mno. Hivyo wanasheria wa taifa jipya walianza masomo ndani ya jengo la chama kilichopigania uhuru, kabla chuo hakijahamia Mlimani mwaka 1964.

Mgawanyo wa fani kati ya vyuo hivyo vitatu ndio uliokuwa uti wa mgongo wa chuo kizima. Udaktari ulibaki Makerere, jirani na Hospitali ya Mulago. Uhandisi, tiba ya mifugo na usanifu majengo vikawa Nairobi. Sheria ikawa Dar es Salaam. Nchi changa zisingemudu kila moja kujenga karakana, maabara na hospitali ya kufundishia kwa wakati mmoja. Faida nyingine ilikuwa ya watu: Mtanzania aliyetaka uhandisi alifunga safari ya Nairobi, na Mkenya aliyetaka sheria alishukia Dar es Salaam. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, ni miongoni mwa waliosomea sheria Mlimani, na Yoweri Museveni wa Uganda alisoma huko kati ya 1967 na 1970.

Kasoro ya muundo

Shahada ilikuwa moja, lakini kila chuo kilikuwa na baraza lake na rasi wake, na kilitegemea serikali ya nchi yake. Kila mwamba ngoma huvutia kwake: serikali ilipotaka kitivo kipya, hapakuwa na mwenye nguvu ya kuikatalia. Nairobi ilianza kufundisha udaktari mwaka 1967, Dar es Salaam ikafuata mwaka 1968, na mwaka 1969 kitivo cha kilimo kikaanza Morogoro. Hakuna serikali ya kulaumiwa kwa kutaka madaktari wafundishwe nyumbani. Hata hivyo, kila kitivo kilichorudiwa kilipunguza sababu ya kuwa pamoja.

Tukio la Oktoba 1966 linaonyesha udhaifu huo waziwazi. Wanafunzi wapatao 400, wengi wao wa chuo cha Dar es Salaam, walifukuzwa kwa kuandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Aliyeamua ni Nyerere yuleyule aliyekuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, lakini aliamua kama Rais wa Tanzania. Kofia ya urais ndiyo iliyokuwa na nguvu.

Pingamizi moja

Wapo wanaosema kuvunjika kwake kulikuwa heri, kwa kuwa vyuo vya kitaifa ndivyo vilivyoleta elimu yenye sura ya Kiafrika. Hoja hii ina uzito, lakini tarehe zinaipinga. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliwekwa Dar es Salaam mwaka 1964, na mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walidai Nairobi iiweke fasihi ya Afrika katikati ya masomo. Yote yalianza chini ya chuo cha pamoja.

Hitimisho

Mei 2017 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao Kampala, linasimamia ulinganifu wa sifa za kitaaluma. Hatua hiyo ni njema, lakini kutambuliana vyeti hakutoshi. Chuo cha 1963 kilikuwa na shahada moja na bado kilianguka. Nchi wanachama zichague fani chache za gharama kubwa, zizigawane, zichangie mfuko mmoja, na zikubali kufungwa na maamuzi ya chombo cha pamoja hata pale yanapoziuma. Bila hilo la mwisho, tutarudia historia ya 1970.