Upande wa Chini wa Shelfu

Shelfu ya tanuri la magadi mimi huipima kwa upande wake wa chini. Upande wa juu una kinga: hupakwa uji wa alumina na kaolini, na kila chombo huketi juu ya vidonge vya mchanganyiko huohuo. Chini ukipaka, ule uji hubambuka na kuangukia vyombo. Kwa hiyo huachwa wazi, na hapo mvuke wa sodiamu utokao kwenye magadi, joto likifika nyuzi 1,250 hivi za Selsiasi, hukutana na silika ya shelfu na kuigeuza kioo. Kioo hicho hudondoka.

Wafinyanzi wa Rhineland, Ujerumani, waliochoma kwa chumvi karne nyingi kabla ya magadi, walipanga mitungi juu ya mitungi. Dari ilikuwa moja tu, kuba la tanuri, nalo lilidondosha. Mitungi iliyochomwa kwa chumvi Marekani karne ya 19 ina matone mazito ya kijani na kahawia mabegani, na wakusanyaji wa leo hawayaoni kuwa dosari. Staffordshire, Uingereza, vyombo viliwekwa ndani ya makasha ya udongo yaliyotobolewa ubavuni ili mvuke upenye.

Bizen, Japani, hawahitaji chumvi wala magadi, lakini tatizo la vyombo kugandana tanurini wamelitatua kwa uzuri kuliko wote. Chombo huzungushiwa mabua ya mpunga kisishikane na jirani yake, na mabua yakiungua huacha michirizi myekundu juu ya udongo uliopauka. Kinga yenyewe imekuwa pambo.

Wamarekani walipogeukia magadi miaka ya 1970, wakikimbia moshi wenye asidi unaotokana na chumvi, walipanga vyombo kwenye shelfu, na kila shelfu ni dari nyingine. Shelfu ya kodieraiti bei yake ni nafuu, lakini ina silika nyingi. Magadi huila mpaka ikaanza kumwaga chembe. Shelfu yenye alumina nyingi hustahimili, ila ni nzito na hupasuka ikipashwa moto haraka. Ile ya silikoni kabaidi iliyounganishwa kwa nitraidi ni nyembamba, haipindi, na kioo hubanduka kwa urahisi. Ni ghali, na ikinyonya maji lazima ikauke kabisa kabla ya kuchomwa, isije ikalipuka.

Hiyo ya mwisho ndiyo ningenunua, hata mbili tu kwa kuanzia, zikae juu ya vyombo ninavyovithamini zaidi. Kodieraiti kuukuu naiweka chini kabisa, pasipo na chombo cha kudondokewa.