Nyani si babu: Mara na swali la asili ya binadamu

"Mwalimu, kwa hiyo babu yetu ni nyani?" Kila mwalimu wa Historia wa kidato cha kwanza, awe Tarime au Mugumu mkoani Mara, huingia darasani akilijua swali hilo. Darasa hucheka, kisha hutulia kusubiri jibu. Mkurya, mwenyeji wa huku, huulizwa ukoo wake kabla ya jina, na kumgusa babu ni kumgusa yeye mwenyewe.

Undugu na wanyama haukuwahi kuwa aibu huku. Koo zina wanyama wao wa heshima, kama chui, punda milia na kiboko. Ubishi kuhusu asili ya binadamu ulikuja baadaye, kanisa na shule vilipokutana. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Waadventista wa Sabato walikuwa wameshapiga kambi kando ya Ziwa Victoria. Wamenoni walifungua misheni Shirati mwaka 1934. Kwa Msabato, Jumamosi yenyewe ni kumbukumbu ya uumbaji wa siku sita. Ukimwambia habari ya mamilioni ya miaka, umeigusa Sabato yake. Wakatoliki walipata nafasi pana zaidi mwaka 1950, Papa Pius XII aliporuhusu wataalamu kuchunguza asili ya mwili wa binadamu, mradi roho ikiriwe kuwa imeumbwa na Mungu.

Kisha ushahidi ukapatikana karibu nasi. Tarehe 17 Julai 1959, ng'ambo ya mbuga za Serengeti, mtafiti Mary Leakey aliona mfupa umejitokeza ardhini huko Olduvai. Lilikuwa fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Mumewe Louis, mtoto wa wamisionari wa Kabete, Kenya, alikuwa mgonjwa kambini. Mwaka 1965 fuvu lilikabidhiwa Tanzania, nchi iliyoongozwa na Mwalimu Nyerere, Mkatoliki wa Butiama. Mwaka 1973 Mtanzania Amini Mturi akagundua fuvu jingine Ndutu, kwenye nyanda hizohizo za Serengeti. Habari za kale zikawa fahari ya taifa, zikaingia vitabuni na kwenye mitihani.

Mvutano haukuisha. Mwaka 2006, jirani zetu Kenya walimsikia Askofu Boniface Adoyo akipinga mifupa ya kale iitwayo Mvulana wa Turkana kuonyeshwa kwenye makumbusho ya Nairobi kama ushahidi wa asili ya binadamu. Huku kwetu wanafunzi wengi walizoea kuandika jibu la mitihani na kubaki na imani yao ya kanisani.

Naamini wengi walikataa jambo ambalo sayansi haijalisema, kwamba nyani ni babu yetu. Mwalimu akichora ubaoni mti wa ukoo, mambo hunyooka. Chukua koo mbili za Kikurya: Mnchari hakuzaliwa na Mwiregi. Wote wawili wanahesabu kurudi kwa mzee mmoja. Kwa sayansi, nyani naye yuko kwenye tawi lake, nasi kwenye letu, na shina liko nyuma sana. Anayemwamini Muumba bado anaweza kuuliza ni nani aliyelipanda shina hilo. Swali hilo ni la kanisani na nyumbani, na mtoto anastahili kulifikia akiwa amefundishwa somo lilivyo.