Shindano la Wanafunzi na Wikipedia ya Kiswahili

Mashindano ya wanafunzi mbele ya tarakilishi, ambayo siku hizi huitwa hakathoni, hayakuanza jana katika Kiswahili. Wikipedia ya lugha hii ilianzishwa mwaka 2003, ikajengwa kwa miaka kadhaa na wapenzi wachache. Mwishoni mwa mwaka 2009 kampuni ya Google iliwaita wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania waandike makala mapya kwa kushindania zawadi, na katika miezi michache yakaingia mamia.

Baadhi yao walifasiri kutoka Kiingereza kwa msaada wa mashine. Wale wapenzi wachache ndio walioachiwa kunyoosha upatanisho wa kisarufi (kazi ambayo sisi walimu tunaifahamu mno!). Zawadi zilipokwisha kutolewa, washindani wengi hawakuonekana tena.

Rwanda haikuwamo. Lakini kuanzia mwaka 2019 Digital Umuganda ya Kigali ilihamasisha watu kuchangia sauti za Kinyarwanda katika mradi wa Common Voice wa Mozilla, zikapatikana saa zaidi ya 2000. Kiswahili nacho ni lugha rasmi ya nchi yetu tangu mwaka 2017, na hapa Gisenyi kinasikika kila asubuhi kwa wachuuzi wanaovuka kwenda Goma. Wanafunzi wetu wakiandaa shindano lao, ningependa waanze na sauti za mpakani hapo, hata za wale wasemao “batoto” badala ya “watoto”.