Ankara na Malipo ya Mtandaoni kwa Anayejiajiri

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mpiga picha wa harusi Mombasa au mtafsiri wa Lamu aanze na ankara: tarehe, kazi, bei, arbuni iliyolipwa, salio na siku ya mwisho ya kulipa. Mteja akiwa kampuni, atataka ankara ya eTIMS ya KRA. Tangu Januari 2024, bila hiyo hawezi kuondoa gharama hiyo katika hesabu yake ya kodi. Mwenye biashara ndogo huweza kuitoa kwa simu, kupitia *222#.

Njia ya kulipwa hutegemea mteja alipo. Kwa wa hapa nchini, Lipa na M-Pesa au Pochi la Biashara hutenga fedha za kazi na za nyumbani. Wa ng'ambo huweza kutumia PayPal, ambayo tangu 2018 fedha zake hutolewa kupitia M-Pesa. Hapo kuna makato mawili: ya kupokea, na ya kubadilisha dola kuwa shilingi. Yahesabu kabla ya kutaja bei. Wala usikabidhi kazi kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Tazama kwanza salio lako.