Kiingereza Kilivyoingia Shule za Bujumbura



Mji wetu ulikuzwa na lugha nyingine. Enzi za Wajerumani uliitwa Usumbura, na Kiswahili cha wakati ule hadi leo kinasikika mitaani Buyenzi. Wabelgiji walipoutwaa mwaka 1916 walileta Kifaransa. Uhuru ulipopatikana tarehe 1 Julai 1962, shule ziliendelea na Kirundi na Kifaransa.

Tarehe 1 Julai 2007 Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyofanya kazi zake kwa Kiingereza. Lugha hiyo ikaingizwa shule za msingi, na mwaka 2014 sheria ikaifanya rasmi. Sisi tuliosomea ualimu kwa Kifaransa tukatakiwa kuifundisha.

Sarufi ndipo penye kazi. Mtoto husema "I have ten years", wala si uvivu. Kirundi husema "mfise imyaka cumi", Kiswahili "nina miaka kumi", Kifaransa "j'ai dix ans". Lugha zote tatu zina miaka. Kiingereza pekee husema "I am".

Kosa hilo halimdhuru mtu. La "he" na "she" ni zito zaidi. Kirundi na Kiswahili husema "a-" kwa mume na mke, kwa hiyo mtoto humwita dada yake "he", na kwenye fomu ya familia dada huweza kuandikwa kaka. Darasani tunalirudia kila wiki. Ndugu zetu wa mashirika, tunawaomba muulize mara ya pili kabla ya kuandika.