Waliovuka Bahari Kuifuata Sauti

Vitabu vyetu vya muziki vimejaa waimbaji. Siti binti Saad aliandikiwa wasifu na Shaaban Robert. Bi Kidude alipigiwa filamu. Umm Kulthum wa Misri ana jumba zima la makumbusho mjini Cairo, kwenye kisiwa cha Roda katikati ya Mto Nile. Lakini yule aliyepanga nauli, akafunga mzigo, akavuka bahari ili aketi mbele yao na kuwasikiliza, hana hata ukurasa mmoja. Mimi ni mpiga fidla wa taarab hapa Unguja. Umri wangu mwingi nimekaa upande wa jukwaani, nikiwatazama watu usoni, na nimefikia kuamini kwamba muziki wetu umebebwa na wasikilizaji kama ulivyobebwa na sisi wapigaji, na pengine wao wamebeba zaidi.

Tuanze na Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888. Mwaka 1875 alisafiri kwenda Uingereza, na katika safari hiyo akapita Ufaransa na Misri. Miaka michache nyuma safari hiyo ingekuwa mashaka makubwa. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869, na kuanzia 1872 meli za barua za kampuni ya British India zikaanza kufika Zanzibar kwa ratiba kutoka Aden. Kabla ya hapo msafiri alikuwa mtumwa wa pepo: huendi Uarabuni mpaka kusi iungurume, hurudi mpaka kaskazi ianze. Meli ya moshi ilimpa mtu uwezo wa kuchagua siku yake ya kuondoka, na jambo hilo lina uzito katika habari za muziki, kwa sababu dhifa haingoji upepo.

Wazee wa taarab hapa husimulia kwamba Barghash aliupenda sana muziki wa Misri, akautaka usikike katika kasri lake. Akamtuma kijana wa hapa, Mohamed Ibrahim, aende Cairo kujifunza kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Kijana akaenda, akajifunza, akarudi na kanuni yake na kuwafundisha wenziwe. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda Ikhwani Safaa, kikundi ambacho mpaka leo kipo na kinapiga. Kwa hiyo ukiuliza taarab ya Unguja ilianzaje, jawabu langu ni hili: ilianza na msikilizaji aliyependa alichosikia. Sultani hakupiga udi wala hakuimba. Alisikia, akatamani, akalipa nauli ya mtu.

Ngazija nao wakaichukua taarab kutoka kwetu mapema katika karne ya 20, na njia ilikuwa ileile: mtu alikuja Unguja, akaipenda, akarudi kwao na fidla.

Mwaka 1928 mambo yakageuka. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, alipanda meli na wapigaji wake kwenda Bombay kurekodi santuri za kampuni ya HMV. Zilipofika pwani ziliuzwa kwa maelfu, kutoka Lamu hadi kusini na ndani kabisa ya bara. Mtu angedhani kwamba sasa safari zimekwisha. Nani atahangaika na bahari na hali Siti yumo ndani ya boksi la mbao sebuleni kwake? Ikawa kinyume. Santuri ya wakati ule ilibeba dakika tatu na ushei kila upande. Wimbo wa taarab unapokolea huweza kwenda nusu saa, kwa sababu mwimbaji anarudia mshororo kila unapoitikiwa, na wapigaji wanamjibu. Aliyesikia santuri alikuwa ameonjeshwa tu. Ndipo watu wa Tanga, Mombasa na Pemba wakaanza kufika Unguja na kuuliza njia ya kwenda kwa Siti. Bi Kidude mwenyewe, ambaye baadaye dunia nzima ilimjua, alikuwa akisema kwamba alijifunza kwa kumsikiliza Siti. Alianza upande wa wasikilizaji kama mtu mwingine yeyote.

Kilichofanywa na santuri ya Siti kwa pwani yetu, redio ilikifanya kwa Cairo kwa ukubwa ambao haujapata kutokea tena. Redio ya taifa ya Misri ilifunguliwa 1934, na Umm Kulthum aliimba humo tangu mwanzo. Baadaye ikawa desturi kwamba Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, katika msimu wa maonyesho, tamasha lake linarushwa moja kwa moja. Lilianza usiku na kwenda hadi saa nane au saa tisa za alfajiri. Kuanzia Morocco hadi Iraq, barabara zilikuwa tupu na mikahawa imejaa. Huku kwetu waliokuwa na redio nzuri walizungusha kitufe mpaka wakaipata Cairo katikati ya mikwaruzo, na majirani wakakaa barazani kusikiliza. Filamu zake zilionyeshwa katika sinema zetu, na wapigaji wa Unguja waliiga mitindo ya fidla za Misri kwa sikio tu, bila nota.

Na kama ilivyokuwa kwa Siti, redio iliwafanya watu wasafiri. Matajiri wa Ghuba walipanda ndege kwenda Cairo kwa ajili ya Alhamisi hiyo moja, halafu wakarudi makwao. Walitoka Beirut na Damascus pia, na wengine walitoka mbali kuliko huko. Mamilioni walikuwa wakisikia tamasha lilelile bure majumbani mwao, nao bado wakalipa nauli na kiingilio. Walikuwa wanafuata nini?

Jawabu nilipewa na mjomba wangu, ndugu wa mama. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa mmoja wa vijana wengi wa Zanzibar waliokwenda kusoma Cairo. Wakati ule Misri ya Gamal Abdel Nasser iliwafungulia milango wanafunzi wa Afrika Mashariki, na tangu 1954 redio ya Cairo ilikuwa na matangazo ya Kiswahili. Tiketi ya Umm Kulthum haikuwa kitu cha mwanafunzi. Yeye na wenzake wa chumbani wakachanga fedha, zikatosha tiketi moja tu, wakapiga kura. Ikamwangukia yeye. Masharti yakawa haya: atakwenda, atatazama kila kitu, na akirudi hatalala mpaka awasimulie wote tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa sababu ya deni hilo mjomba alitazama kwa macho ya shahidi, na mpaka uzee wake aliweza kulisimulia tamasha lile kana kwamba ni la juzi.

Alisimulia kwamba safu za mbele walikaa watu wa Ghuba, kanzu nyeupe na agali kichwani, na nyuma yao Wamisri waliovaa suti. Pazia lilipofunguka wapigaji walikuwa wameshakaa nusu duara, na Umm Kulthum amekaa kitini mbele yao, gauni refu, leso mkononi. Hakuanza kuimba. Wapigaji walipiga utangulizi mrefu naye amekaa vilevile, anasikiliza kama wasikilizaji wengine. Kisha akainuka, na kwa kule kuinuka tu ukumbi ukalipuka. Alipofika mwisho wa mshororo wa kwanza watu wakasema "Allah!" kwa pamoja, wakamwomba arudie. Akarudia, lakini hakuurudia vilevile. Neno alilolipitia haraka mara ya kwanza alilishika, akalivuta, akahamia maqam nyingine, yaani mpangilio mwingine wa sauti, halafu akarudi nyumbani taratibu huku kanuni ya Mohamed Abdo Saleh ikimfuata nyuma. Watu wakaomba tena, akarudia tena kwa sura mpya. Mjomba alisema kwamba katikati ya wimbo mzee mmoja wa Ghuba aliyekuwa safu ya mbele alisimama, akafungua mikono yake miwili bila kusema neno, akakaa. Umm Kulthum akamwona, na mara iliyofuata aliimba akimgeukia yeye.

Mimi mpiga fidla naijua siri iliyomo hapo. Wapigaji hawakuweza kujua ataurudia mshororo mara ngapi. Ahmed el-Hefnawi, fidla ya kwanza, ilimbidi atazame mgongo wa mwimbaji na kusikiliza pumzi yake ili ajue wapi pa kuingia. Na yeye Umm Kulthum alitazama watu. Maana yake ni kwamba urefu wa wimbo, marudio yake, hata njia aliyopita kutoka maqam hadi maqam, viliamuliwa kwa sehemu kubwa na waliokaa ukumbini. Aliyekuwa nyumbani na redio yake alisikia matokeo. Aliyekuwa ukumbini alikuwa mmoja wa waliotunga. Hicho ndicho walichokifuata watu wa Ghuba, na ilikuwa haki yao kulipa walichokilipa.

Kwetu Unguja jambo hilo linaonekana wazi zaidi katika kutunza. Mama anainuka, noti mkononi, anakuja kwa hatua za ngoma mpaka mbele ya mwimbaji kwenye beti inayomhusu, na ukumbi mzima unajua inamhusu vipi. Cairo hawakuwa na desturi hiyo ya kupanda na noti. Mjomba alisema mkono wake uliingia mfukoni wenyewe, akakumbuka kwamba yuko ugenini, akautoa.

Mwezi Februari 1964, mwezi mmoja baada ya Mapinduzi yetu ya Zanzibar, Umm Kulthum aliimba kwa mara ya kwanza wimbo uliotiwa muziki na Mohamed Abdel Wahab, "Inta Omri". Wawili hao walikuwa vigogo wa muziki wa Misri kwa miongo mingi, na mpaka wakati huo walikuwa hawajawahi kufanya kazi pamoja. Wimbo ulikuwa na gitaa la umeme na utangulizi mrefu ajabu. Ulifika pwani yetu upesi, na mpaka leo hakuna mpiga fidla wa Unguja asiyeujua utangulizi ule.

Halafu ikaja zamu ya sauti kuvuka bahari. Baada ya Misri kushindwa na Israel katika vita vya Juni 1967 Umm Kulthum alianza kuzunguka kuichangia nchi yake. Tarehe 13 na 15 Novemba mwaka huo aliimba Paris, katika ukumbi wa Olympia wenye viti kiasi cha 2,000, kwa mwaliko wa mwenye ukumbi, Bruno Coquatrix. Ukumbi ulijaa wafanyakazi kutoka Algeria, Tunisia na Morocco, wanafunzi, mabalozi, na watu waliosafiri kutoka miji mingine ya Ulaya. Fikiria kibarua wa kiwandani kaskazini mwa Ufaransa anayepanda treni hadi Paris, anakaa mpaka saa nane za usiku akimsikia mtu aliyemjua kwa redio ya baba yake, halafu anapanda treni kurudi kazini. Malipo aliyoyapata Umm Kulthum aliyapeleka Misri. Baadaye alikwenda pia Morocco, Tunisia, Sudan, Libya, Kuwait, na mwaka 1971 Abu Dhabi.

Alifariki tarehe 3 Februari 1975. Mazishi yalicheleweshwa siku mbili ili wageni kutoka nje wawahi kufika. Siku yenyewe umati uliwanyang'anya wabebaji jeneza, ukalipitisha mikononi kwa saa kadhaa katika mitaa ya Cairo, na kulifikisha msikiti wa Sayyidna Hussein. Kati yao walikuwamo waliowahi kuja kwa ndege kumsikia. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari yao ya mwisho kwake.

Leo watu wanavuka bahari kuja kwetu. Tangu Februari 2004 tamasha la Sauti za Busara limekuwa likiwakusanya Ngome Kongwe wasikilizaji kutoka Ulaya, Marekani na bara zima la Afrika. Mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, na mji ulilihisi pengo lake. Wengine hushuka uwanja wa ndege, wengine huja na boti kutoka Dar es Salaam, mwendo wa kama saa mbili. Nimekutana na waliokuja kwa siku za tamasha tu, wakakisikia kikundi cha taarab cha Culture Musical Club usiku mmoja, kesho yake wakaenda kuuliza wapi wanaweza kufundishwa udi. Chuo cha muziki cha nchi za majahazi, kilichoanzishwa hapa 2002, kimewapokea wengi wa namna hiyo. Hao ni ndugu wa Mohamed Ibrahim kwa kazi, ingawa wanakuja kwa njia iliyo kinyume na yake.

Mjomba hayupo tena. Wenzake wa chumba kile cha Cairo nao wametangulia, na simulizi yao sikuwahi kuiandika mpaka leo hii. Kwa hiyo nakuomba, msomaji. Kama kwenu yupo mzee aliyesafiri kwenda kumsikia mwimbaji, iwe Siti, Umm Kulthum, Franco wa Kongo au mwingine yeyote, kaa naye wiki hii. Muulize alipanda chombo gani, alilipa nini, alikaa safu ya ngapi, na aliporudi aliwaimbia nini waliobaki. Andika jina lake na mwaka. Kisha nakala moja kipelekee kikundi cha muziki kilicho karibu nawe, maana sisi tulioko jukwaani hatujui nini hutokea upande wenu.